Kusaka kasoro za usanifu wa msimbo kwa kichambuzi tuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mifano mingi hapa ni ya Python na zana iitwayo Pylint, kwa kuwa ni ya bure na unaweza kuijaribu leo jioni kwenye mradi wako mwenyewe. Wanaotumia Java, PHP, JavaScript au Go wana swali lao huko chini, lakini hoja ni zilezile.

Kichambuzi tuli ni kitu gani hasa?

Ni programu inayosoma msimbo wako bila kuuendesha. Inachukua faili, inazigeuza kuwa mti wa sintaksia unaoonyesha fanksheni ipi ina masharti gani na klasi ipi inaita ipi, kisha inaupitia mti huo kwa kufuata orodha ya kanuni. Haijali kama hifadhidata imewashwa au seva imelala. Babu wa zana hizi ni lint, aliyotengeneza Stephen C. Johnson wa Bell Labs mwaka 1978 kwa ajili ya lugha ya C. Ndiyo maana hadi leo watu husema "linta" hata wanapozungumzia zana ya JavaScript.

Zana za sasa zina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni kusaka hitilafu: kigeu kisichotumika, thamani tupu inayoweza kuangusha programu, faili iliyofunguliwa ikasahaulika. Nyingine ni kupima umbo la msimbo. Hapa tunazungumzia hiyo ya pili.

Programu yangu inafanya kazi. Tatizo la usanifu liko wapi?

Liko kwenye gharama ya badiliko linalofuata. Chukua mfumo wa duka. Mteja anaomba risiti ionyeshe namba ya mlipakodi, jambo la mstari mmoja. Unafungua faili ya risiti, kumbe jina la mteja linasomwa kutoka kwenye klasi ya malipo. Klasi ya malipo nayo inaita taarifa ya mwezi, na taarifa ya mwezi inachungulia ndani ya risiti ili ipate jumla. Umegusa faili tatu, na hujui ya nne imejificha wapi. Hakuna jaribio lililofeli wala hitilafu iliyotokea, ila kazi ya saa moja imekula siku mbili.

Watu waliliona hili mapema. Mwaka 1972 David Parnas alieleza kwamba moduli nzuri ni ile inayoficha uamuzi unaoweza kubadilika, na kwamba kukata mfumo kwa kufuata hatua za mchakato ni njia mbovu. Mwaka 1974 Stevens, Myers na Constantine, kwenye jarida la IBM Systems Journal, wakaeleza mambo mawili ambayo bado tunayapima: jinsi moduli zinavyofungamana, na jinsi vitu vilivyomo ndani ya moduli moja vinavyoshikamana. Unataka kufungamana kuwe kudogo na mshikamano uwe mkubwa.

Usanifu ni suala la busara. Mashine inauonaje?

Haiuoni. Inahesabu dalili zake.

Mwaka 1976 Thomas McCabe alipendekeza kuhesabu njia huru zinazopita ndani ya fanksheni. Kwa lugha ya kawaida, anza na moja, ongeza moja kwa kila sharti na kila kitanzi; namba unayopata ndiyo uchangamano wa fanksheni hiyo. Yeye mwenyewe alipendekeza kikomo cha 10, na namba hiyo ingali kikomo cha kuanzia kwenye zana kadhaa. Mwaka 1994 Chidamber na Kemerer wakatoa vipimo sita vya klasi, vikiwemo idadi ya klasi nyingine ambazo klasi yako inazitegemea, kina cha urithi, na kiasi ambacho mbinu za klasi moja (fanksheni zilizomo ndani yake) hazitumii data ileile.

Zana nzuri huunganisha vipimo. PMD, inayotumika sana kwenye Java, ina kanuni iitwayo GodClass, inayokamata klasi iliyojitwalia kila kitu. Haiangalii urefu wa faili. Inataka mambo matatu yatokee pamoja: jumla ya uchangamano wa mbinu zake ifike 47 au zaidi, klasi iguse moja kwa moja data zaidi ya 5 za klasi nyingine, na jozi za mbinu zinazotumia data ya pamoja ziwe chini ya theluthi moja ya jozi zote zinazowezekana. Klasi ndefu inayofanya jambo moja inapita salama. Klasi inayofanya kazi kumi huku mkono wake ukiwa kwenye mifuko ya wenzake inakamatwa.

Nianzie wapi?

Sakinisha Pylint, zima kanuni zote, kisha washa zile tu zinazohusu usanifu:

```
pip install pylint
pylint --disable=all --enable=design,cyclic-import,duplicate-code duka
```

Hapa `duka` ni folda ya mradi wako. Kuzima kwanza ni muhimu. Ukiiendesha Pylint ilivyo, utamwagiwa maonyo ya nafasi, majina na maelezo yaliyokosekana, na yale machache yanayohusu usanifu yatazama humo. Wengi huachana na zana hizi siku ya kwanza kwa sababu hiyo.

Vikomo vya kuanzia vya Pylint ni hivi: parameta 5 kwa fanksheni, matawi 12, vigeu vya ndani 15, sentensi 50 (yaani amri za msimbo), sifa 7 kwa klasi, na mbinu 20 za wazi. Hakuna utakatifu wowote kwenye namba hizi. Zichukulie kama mahali pa kuanzia mabishano.

Kati ya maonyo yote, lipi nilitilie maanani kwanza?

`cyclic-import`. Ukiwa na muda wa kushughulikia onyo moja tu mwaka huu, shughulikia hilo.

Fanksheni ndefu inamuumiza anayeifungua fanksheni hiyo. Mduara wa utegemezi unamuumiza kila mtu. Moduli ya `malipo` ikiitegemea `wateja`, `wateja` ikaitegemea `taarifa`, na `taarifa` ikairudia `malipo`, basi huna tena moduli tatu. Una moduli moja kubwa iliyosambazwa kwenye faili tatu. Huwezi kuijaribu mojawapo peke yake, huwezi kuihamishia mradi mwingine, na mgeni kwenye timu hana pa kuanzia kusoma, maana kila mlango unamrudisha kwenye mlango mwingine. Ni ghala ambalo ufunguo wake umefungiwa ndani.

Kwenye Python watu wengi wanaufahamu mduara kwa sura ya hitilafu ya kuingiza moduli programu inapoanza. Dawa ya haraka inayosambaa ni kuhamisha mstari wa `import` kuuweka ndani ya fanksheni. Hitilafu inatoweka, mduara unabaki palepale. Ukiona msimbo wenye mistari ya `import` ndani ya fanksheni nyingi, mara nyingi unatazama miduara iliyofunikwa shuka. Pylint ina onyo lake kwa tabia hiyo, `import-outside-toplevel`, na ni vizuri kuliwasha pamoja na lile la kwanza.

Kuukata mduara kuna njia tatu zinazofaa mara nyingi. Ya kwanza: kuna kitu kidogo ambacho moduli zote mbili zinakihitaji, kwa mfano muundo wa `Fedha` au orodha ya hali za muamala. Kitoe, kiweke kwenye moduli ya tatu isiyomtegemea yeyote. Ya pili: moduli ya `taarifa` haihitaji kuijua `malipo`, inahitaji orodha ya kiasi na tarehe. Mpe orodha hiyo kama parameta, aliye juu ndiye aitafute. Ya tatu, na watu hawapendi kuisikia: labda hizo ni moduli moja kweli, na aliyezitenganisha alikuwa anafuata mpangilio wa folda wa mafunzo fulani. Ziunganishe. Hilo nalo ni kusanifu.

Je, zana inaweza kulinda mpangilio mzima, siyo kuonya juu ya faili mojamoja?

Ndiyo, na kwa maoni yangu hapa ndipo faida kubwa ilipo, ingawa wachache hufika. Timu nyingi zina mchoro wa matabaka uliochorwa ubaoni siku ya kwanza: skrini juu, huduma katikati, hifadhi chini. Baada ya miezi sita mchoro unasema lake na msimbo unasema lake. Kichambuzi kinaweza kuugeuza mchoro huo kuwa sheria.

Kwa Python kuna import-linter. Unaandika mkataba kwenye faili iitwayo `.importlinter`:

```
[importlinter]
root_package = duka

[importlinter:contract:tabaka]
name = Matabaka ya duka
type = layers
layers =
    duka.skrini
    duka.huduma
    duka.hifadhi
```

Kisha unaendesha `lint-imports`. Tabaka la juu linaruhusiwa kutumia la chini, la chini haliruhusiwi kutumia la juu. Siku mtu akiandika ndani ya `hifadhi` mstari unaoingiza kitu kutoka `skrini`, amri inafeli na inamwonyesha mnyororo mzima uliovunja mkataba, hata kama amepitia moduli ya tatu. Kuna mikataba mingine pia: wa kukataza moduli fulani isiguse nyingine kabisa, na wa kudai moduli kadhaa zisijuane. Huu wa mwisho unafaa sana pale mfumo mmoja unapohudumia bidhaa mbili ambazo siku moja zitaachana.

Tofauti yake na vikomo vya namba ni kwamba mkataba mmeuandika wenyewe. Hakuna anayeweza kuuliza "nani amesema 12?" Mlikaa, mkakubaliana hifadhi isiijue skrini. Zana inawakumbusha tu.

Ukitaka namba ya kufuatilia utegemezi, kuna kanuni ya Robert C. Martin: chukua idadi ya vitu ambavyo moduli yako inavitegemea, gawanya kwa jumla ya vile inavyovitegemea na vile vinavyoitegemea. Ikikaribia 0, wengi wanaitegemea, basi ibadilishe kwa tahadhari. Ikikaribia 1, iko pembezoni na ni rahisi kubadilika. Shida inaanza pale moduli iliyo karibu na 0 inapoitegemea iliyo karibu na 1.

Nimeambiwa fanksheni yangu ina parameta nyingi. Kuna ubaya gani?

Tazama hii:

```
def lipa(mteja, kiasi, sarafu, mtandao, simu, tarehe, maelezo, tuma_sms):
```

Nane. Pylint inalalamika kwa kuwa zimepita 5. Njia mbaya ya kuinyamazisha ni kuandika `def lipa(vyote)`. Onyo litaondoka, na pamoja nalo kila msaada ambao kihariri chako kingekupa. Umeufanya msimbo kuwa mbaya zaidi ili mashine ifurahi.

Badala yake sikiliza kinachosemwa na hizo nane. `kiasi` na `sarafu` hutembea pamoja kila mahali, kwa hiyo ni kitu kimoja ambacho hakijapewa jina: `Fedha`. Shilingi elfu kumi za Tanzania na shilingi elfu kumi za Kenya hazifanani hata kidogo, na kiasi kisicho na sarafu ni mtego. `mtandao` na `simu` vilevile ni akaunti moja ya simu. Na `tuma_sms`, parameta ya ndiyo au hapana, karibu kila mara inamaanisha fanksheni mbili zimevaa jina moja. Acha `lipa` ilipe, na aliyeita aamue kama atatuma ujumbe. Umebaki na `lipa(mteja, fedha, akaunti, tarehe, maelezo)`. Tano, lakini hiyo ni bahati tu. Hata ungebaki na sita, kazi imefanyika.

Na ule mlolongo mrefu wa `if` na `elif`?

Hapa nakataa kidogo kuifuata zana kwa upofu. Mlolongo maarufu kwetu ni wa mitandao ya pesa: kama ni M-Pesa fanya hivi, kama ni Airtel Money fanya vile, kama ni HaloPesa vile tena. Ukiwa mahali pamoja tu, kila tawi likiwa na mstari mmoja au miwili, unasomeka vizuri kuliko klasi tano zilizotawanywa kwenye faili tano. Uache. Ukiweza, ugeuze kuwa kamusi inayounganisha jina la mtandao na fanksheni yake, basi.

Tatizo ni pale mlolongo uleule unapojirudia: upo kwenye kulipa, upo kwenye kurudisha pesa, upo kwenye kukagua salio, upo kwenye taarifa. Siku mtandao mpya ukiingia unahitaji kuzikumbuka sehemu zote nne, na utasahau moja. Hapo ndipo kila mtandao unastahili klasi yake. Onyo la `too-many-branches` haliwezi kutofautisha hali hizi mbili, kwa kuwa linaangalia fanksheni moja kwa wakati. Wewe unaweza.

Kipimo cha McCabe kinawaonea walioandika milolongo bapa. Kampuni ya SonarSource ilibuni kipimo kingine, uchangamano wa utambuzi, ambacho kinatoza zaidi sharti lililo ndani ya sharti jingine na kuhesabu `switch` nzima kama moja. Kikomo chake cha kawaida kwenye zana zao ni 15. Kinakaribia zaidi kile ambacho msomaji hukisikia kichwani.

Yapi ninaweza kuyapuuza bila dhambi?

`too-few-public-methods`, karibu kila mara. Onyo hilo linadai klasi iwe na angalau mbinu 2 za wazi, jambo ambalo halina maana kwa klasi nyingi halali.

`too-many-ancestors` ukiwa unatumia Django REST framework, fremuweki ya Python ya kutengenezea API. Klasi yako ikirithi `ModelViewSet` tayari ina mababu wanaozidi kikomo cha 7 kabla hujaandika chochote. Huo ni uamuzi wa waliotengeneza fremuweki, si wako. Pandisha kikomo kwenye mipangilio uendelee.

`duplicate-code` kwenye faili za majaribio. Majaribio yanayojirudia kidogo husomeka vizuri zaidi kuliko majaribio yaliyobanwa. Kwenye msimbo wenyewe, kikomo chake cha mistari 4 kinachosha, kipandishe.

Mradi wetu ni wa miaka mingi na zana imetoa maonyo elfu kadhaa. Tufanyeje?

Msiyarekebishe. Nasema hivyo kwa dhati. Kutenga miezi miwili ya "kusafisha msimbo" ni njia ya uhakika ya kuingiza hitilafu mpya kwenye sehemu ambazo hazikuwa zikimsumbua mtu.

Fanyeni mambo mawili. Kwanza, wekeni mstari chini: maonyo ya zamani yasamehewe, mapya yazuiwe. PHPStan ya PHP ina chaguo la `--generate-baseline` kwa kazi hiyohiyo, detekt ya Kotlin ina faili ya namna hiyo, na SonarQube, seva ya ukaguzi wa msimbo ya SonarSource, hutenganisha msimbo mpya na wa kale. Pylint haina kitu kama hicho chenyewe, lakini unaweza kuiendesha kwa faili zilizobadilika tu.

Pili, tafuteni zinapokutana faili tata na faili zinazoguswa mara nyingi. Git inajua:

```
git log --since="1 year ago" --format=format: --name-only | grep . | sort | uniq -c | sort -rn | head -20
```

Hizo ndizo faili 20 zilizobadilishwa mara nyingi zaidi kwa mwaka mmoja. Ziweke pembeni ya orodha ya maonyo. Faili mbovu ambayo haijaguswa tangu mwaka juzi iacheni ilale. Faili mbovu inayofunguliwa kila wiki ndiyo inayowala, na kwa kawaida ni chache kuliko mlivyodhani.

Wakati wa kuonyesha maonyo nao una uzito kuliko watu wanavyofikiri. Wahandisi wa Facebook walieleza mwaka 2019 uzoefu wao na Infer, zana yao ya kusaka hitilafu. Ilipoendeshwa usiku na kuwapelekea waandishi orodha, karibu hakuna aliyerekebisha kitu. Zana ileile ilipotoa maoni wakati msimbo unakaguliwa kabla ya kuunganishwa, takriban asilimia 70 ya maonyo yalirekebishwa. Mtu anarekebisha kile ambacho bado kiko kichwani mwake.

Bosi anataka kila mradi upate 10 kati ya 10 kwenye Pylint. Ni wazo zuri?

Kwa usanifu, hapana. Angalia jinsi alama inavyopatikana: idadi ya makosa mara 5, jumlisha maonyo, jumlisha yale ya kupanga upya (refactor), jumlisha yale ya mtindo (convention), gawanya kwa idadi ya sentensi, zidisha kwa 10, kisha toa kwenye 10. Mduara wa utegemezi unaoshika nusu ya mfumo ni onyo moja la kupanga upya. Maelezo yaliyokosekana juu ya fanksheni ni onyo moja la mtindo. Kwenye alama vina uzito uleule. Timu itafanya nini ikipewa lengo hilo? Itaandika maelezo yasiyosema kitu, alama itapanda, mduara utabaki.

Akishikilia lazima iwepo namba, mpe idadi ya miduara na idadi ya mikataba ya matabaka iliyovunjwa. Zote mbili zinaweza kufika sifuri, na kufika huko kuna maana.

Kuna vitu ambavyo zana haitaviona kamwe?

Vingi. Mwaka 1953 H. G. Rice alithibitisha kwamba hakuna programu inayoweza kuamua kwa uhakika, kwa programu yoyote ile, swali lolote la maana kuhusu tabia yake. Kwa hiyo kila kichambuzi hukisia, na kitakosea upande mmoja au mwingine.

Ila yale yanayouma kila siku si ya nadharia. Mifumo miwili inayoandika kwenye jedwali moja la hifadhidata imefungamana vibaya kuliko miduara yote, na Pylint haitaona hata mstari wa `import`. Ishara (signals) za Django na kuita kitu kwa jina lililo kwenye maandishi huficha utegemezi vilevile. Kuna pia jambo la timu zetu zinazochanganya lugha: mmoja anaandika `mteja`, mwingine `customer`, na baada ya mwaka mnakuta klasi mbili za mtu yuleyule, kila moja na kanuni zake za kukagua namba ya simu. Kitafuta nakala hulinganisha mistari, hakijui kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Hilo linaonwa na binadamu anayekagua, na ni heri mkubaliane lugha ya majina mapema.

Mimi situmii Python. Nitumie nini?

Java: PMD kwa vipimo vya klasi, ArchUnit kwa mikataba ya matabaka, ambayo unaiandika kama majaribio ya kawaida. C#: NDepend, ya kulipia. JavaScript na TypeScript: ESLint ina `complexity`, ambayo kikomo chake ni 20, `max-depth` 4 na `max-params` 3. Kwa miduara tumia dependency-cruiser, au `madge --circular` ukitaka jibu la haraka. PHP: PHPMD na Deptrac. Go: kompaila yenyewe inakataa miduara kati ya vifurushi, kwa hiyo vita hivyo vimeshapiganwa kwa niaba yako.

Ukiwa kwenye Python na unaipenda Ruff kwa kasi yake, endelea nayo kwa mitindo na uchangamano. Lakini inaangalia faili mojamoja, kwa hiyo kwa miduara baki na Pylint au import-linter.

Inahitaji intaneti au kompyuta kubwa?

Hapana. Pylint na wenzake huendeshwa kwenye laptopu ya kawaida bila mtandao. Bando likiwa tatizo, mtu mmoja apakue kwa `pip download pylint -d vifurushi`, apitishe folda hiyo kwa flashi, na wengine, mradi wana mfumo endeshi na toleo la Python kama lake, wasakinishe kwa `pip install --no-index --find-links vifurushi pylint`. SonarQube ndiyo nzito, inataka seva yake yenye Java na kumbukumbu ya kutosha. Timu ya watu watatu haiihitaji.

Siku hizi akili mnemba inaandika msimbo. Bado kuna haja?

Zaidi ya zamani. Msimbo unaoandikwa kwa kasi hujirudia kwa kasi, na mkataba wa matabaka haujali nani aliyeandika mstari uliouvunja.

Klasi mbovu kuliko zote imeandikwa na mkubwa wangu kazini. Nimwambieje?

Usimpelekee jina la kanuni. Kumwambia mtu kwamba mashine imeiita klasi yake GodClass ni kumtukana kwa mkopo. Mpelekee historia: "Kaka, naona faili ya malipo tumeigusa karibu kila wiki tangu Januari, na mara nyingi risiti zinaharibika baada ya hapo. Naomba unieleze ilianzaje, halafu tuone kama tunaweza kutoa sehemu ya risiti pembeni." Mara nyingi utasikia sababu ambayo hakuna zana ingekuambia: kulikuwa na tarehe ya mwisho, au mfumo wa benki wa wakati huo ulidai hivyo. Sababu hiyo ikiwa bado ipo, mpango wako wa kupanga upya ulikuwa na shimo. Ikiwa imekwisha, yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kusema tuitoe.

Nikiamua onyo fulani halinifai, ninalizimaje bila kuharibu?

Lizime mahali pale pale, kwa jina lake, na uandike kwa nini:

```
# Mlolongo bapa wa misimbo ya majibu ya benki. Unasomeka ukiwa pamoja.
def tafsiri_jibu(namba):  # pylint: disable=too-many-branches
```

Usilizime kwenye mradi mzima kwa ajili ya fanksheni moja, na usitumie jina la namba kama R0912 ambalo mwenzako atalazimika kulitafuta. Kisha washa `useless-suppression`. Kanuni hiyo hukagua zile sehemu ulizozima na kukuambia ipi haihitajiki tena, kwa mfano pale mtu alipoigawa fanksheni na kusahau kuondoa maandishi yako.